Je, Wajua? Kudurusu, Kusahau na Simu ya Mzazi

Je, wajua kwamba Kiswahili kimetumiwa kwa miaka mingi katika maabara za Marekani kuchunguza jinsi binadamu anavyokumbuka na anavyosahau? Mwaka 1994 watafiti Thomas Nelson na John Dunlosky walichapisha orodha ya maneno 100 ya Kiswahili pamoja na maana zake kwa Kiingereza, wakaonyesha yapi hushika upesi na yapi hukaidi. Kiswahili kiliwafaa kwa sababu huandikwa kwa herufi zilezile za Kiingereza, hutamkika bila taabu, na mwanafunzi wa kawaida wa chuo kikuu huko hakijui hata kidogo. Hakuna anayeanza akiwa amemtangulia mwenzake. Basi maneno tunayotupiana sokoni kila siku yakageuka vipimo vya sayansi.

Jaribio lililovuma zaidi ni la Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, lililotoka katika jarida la Science mwaka 2008. Wanafunzi walipewa jozi 40 za maneno, "mashua" likiwemo, wakawa wanazisoma na kujaribiwa kwa zamu hadi wazijue. Tofauti ya vikundi ilianza pale neno lilipokwisha kujulikana. Kikundi cha kwanza kiliendelea kulisoma na kujaribiwa. Cha pili kiliacha kulisoma, lakini majaribio yakaendelea. Cha tatu kiliendelea kulisoma, ila hakikuulizwa tena. Cha nne kiliachana nalo kabisa.

Siku hiyo wote waliondoka wakiwa wamefika mahali pamoja. Wiki moja baadaye wakaitwa tena. Vikundi viwili vilivyokuwa vikijaribiwa vilikumbuka karibu asilimia 80 ya maneno. Vile viwili vilivyoacha kujaribiwa vilibaki na asilimia 36 na 33.

Tafadhali rudi ukitazame kile kikundi cha tatu. Hawa ndio waliofanya kile ambacho wengi wetu tulifanya shuleni: kurudia kusoma jambo tulilokwisha kulijua, ukurasa baada ya ukurasa, hadi taa za prepu zizimwe. Jasho hilo lote liliwapa nyongeza ndogo mno juu ya wale walioacha kabisa. Na walipoulizwa kabla ya kuondoka watakumbuka kiasi gani, vikundi vyote vinne vilikisia karibu nusu. Hakuna aliyehisi tofauti iliyokuwa ikijengeka ndani ya kichwa chake.

Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko mengine yote yatakayofuata hapa. Limepimwa kwa maneno yetu, na bado mwanafunzi wa Kidato cha Nne kule Malava, Khwisero au Navakholo katika Kaunti ya Kakamega huenda asilisikie hadi siku anayomaliza shule.

Je, wajua kwa nini kukariri usiku wa kuamkia mtihani hudanganya? Watafiti haohao walikuwa wamepata jibu miaka miwili kabla. Mwaka 2006 waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha sayansi. Wengine walikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Wengine walikisoma kwa kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Dakika tano baada ya hapo, wasomaji waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojiuliza walikuwa na asilimia 61, wasomaji 40.

Kwa hivyo anayekesha akisoma kwa ajili ya jaribio la asubuhi hupata alama, na alama hizo humthibitishia kwamba njia yake ni njema. Deni huja kudaiwa Novemba, wakati wa mtihani wa kitaifa wa KCSE, anapoulizwa mambo ya Kidato cha Kwanza.

Na wasiojua hili si watoto wa vijijini peke yao. Mwaka 2009 Karpicke, Andrew Butler na Roediger waliwauliza wanafunzi 177 wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, chuo chenye sifa kubwa, jinsi wanavyodurusu. Asilimia 84 walisema wanarudia kusoma daftari au kitabu. Waliotaja kujiuliza maswali walikuwa kama asilimia 11.

Je, wajua kwamba katika utafiti uliochapishwa mwaka 1939 watoto 3,605 wa darasa la sita katika jimbo la Iowa, Marekani, walisaidia kuthibitisha jambo hilihili kwa kusoma habari za njugu karanga? Mtafiti Herbert Spitzer alitumia shule 91. Watoto walisoma makala, kisha wakajaribiwa kwa nyakati tofauti. Walioulizwa maswali mapema, kabla hawajasahau, walihifadhi zaidi kuliko walioulizwa baada ya wiki kupita. Ushahidi huo una umri wa kumzidi nyanya ya mwanafunzi wa leo.

Je, wajua kwamba magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako elimu imepimwa kwa makini zaidi? Katika miaka ya 1990 Michael Kremer na wenzake walifuatilia shule za msingi za Busia na Teso zilizopewa vitabu vya kiada. Kila mtu angetarajia alama zipande. Wastani haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu hapo. Wengi wa waliobaki hawakuweza kukisoma vyema kitabu chenyewe, maana kiliandikwa kwa Kiingereza, na hiyo ilikuwa lugha yao ya tatu.

Mwaka 2005 kazi nyingine ilianza Bungoma na Butere-Mumias, wilaya ambayo sasa imo ndani ya Kaunti ya Kakamega. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer walilinganisha shule ambako watoto wa darasa la kwanza waligawanywa kwa kiwango walichofikia na shule ambako walichanganywa tu. Katika zile za kwanza, watoto wa chini na wa juu wote walifanya vizuri zaidi, kwa kuwa mwalimu aliweza kuanzia pale mtoto alipo. Kremer na Duflo, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019. Sehemu ya ushahidi uliowafikisha huko ilitoka katika madarasa yenye vumbi ya Butere na Mumias, na wazazi wa huko wana haki ya kuujua.

Nayakumbuka matokeo hayo ya vitabu kila ninapoona mtu akimwaga faili la kurasa mia mbili kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi na kuandika, "Wanafunzi wadurusu hii." Faili hilo ni kitabu cha kiada kilichobadilisha njia ya kusafiri. Atakayelisoma ni yule ambaye angesoma hata bila kutumiwa. Wengine litawamalizia bando, kisha litafutwa ili picha za harusi zipate nafasi.

Je, wajua kwamba kampeni moja ya kueneza mbinu hizi ilianza kwa kuwajibu wanafunzi waliokuwa wakilalamikia mtihani wa kesho? Mwezi Januari 2016 wanasaikolojia wawili, Yana Weinstein na Megan Smith, walianza kuandika kwenye Twitter wakiwatafuta wanafunzi waliokuwa wakitaja mitihani yao, wakiwapa ushauri uliotokana na utafiti. Wakajiita The Learning Scientists. Baadaye walikusanya mbinu sita: kuachanisha vipindi vya kudurusu, kujikumbusha bila kutazama, kuchanganya mada, kuuliza kwa nini na vipi, kutumia mifano halisi, na kuunganisha maneno na michoro. Wakazitolea mabango ya bure, na watu wa nchi nyingi wakayafasiri.

Walichokitambua ni kwamba matokeo ya utafiti yalikuwa yamelala katika majarida ambayo mwanafunzi hayagusi, ilhali mwanafunzi mwenyewe alikuwa hadharani, mtandaoni, akisema wazi kwamba ana hofu. Mtu wa kumjibu tu ndiye aliyekosekana.

Kwetu Kenya, hofu hiyo imepata wa kuijibu, lakini wengi wao ni matapeli. Kila msimu wa KCSE huibuka chaneli za Telegram zinazouza karatasi zinazodaiwa kuwa za mtihani, na polisi wamewakamata vijana kadhaa kwa biashara hiyo. Mara nyingi karatasi hizo ni za kughushi. Linaloniuma zaidi ni kwamba chombo chenyewe ni kizuri. Tangu Januari 2020 Telegram ina namna ya kuuliza swali lenye majibu ya kuchagua na kumwonyesha mtu hapohapo kama amepata au amekosa. Mahali palipofaa kumjaribu mtoto ndipo anapoibiwa hela za nauli.

Je, wajua kwamba kikwazo kikubwa cha simu kwa mwanafunzi wa Kakamega kinaweza kumsaidia? Shule nyingi za bweni haziruhusu simu. Mtoto huiona Aprili, Agosti, kisha Novemba na Desemba, na mara nyingi ni simu ya mama au ya baba, inayokwenda naye sokoni au kazini na kurudi jioni. Wengi huona hapo mlango umefungwa. Mimi naona umefunguka kiasi kinachotosha, kwa sababu kujikumbusha hakuhitaji saa nyingi za skrini. Kunahitaji swali moja, karatasi, kalamu, na muda upite.

Kuhusu muda huo, twende kwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus. Alikariri maelfu ya silabi zisizo na maana, akajipima mwenyewe baada ya dakika, saa na siku, na mwaka 1885 akachapisha matokeo. Kusahau huanza kwa kasi kubwa, kisha kasi hupungua. Aligundua pia kwamba mazoezi yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufanya kazi kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2015 watafiti Jaap Murre na Joeri Dros walirudia jaribio lake, na mchoro ukatoka karibu sawa na ule wa zaidi ya karne nzima nyuma.

Lakini uachanishe kwa muda gani? Mwaka 2008 Nicholas Cepeda na wenzake walijaribu watu zaidi ya 1,350 kwa vipindi vilivyofika hadi mwaka mzima. Ukitaka kukumbuka kitu baada ya wiki moja, urudie baada ya asilimia 20 hadi 40 ya muda huo, yaani siku moja na nusu hadi tatu hivi. Ukitaka kukikumbuka baada ya mwaka, pengo linalofaa ni asilimia 5 hadi 10, yaani wiki tatu hadi tano. Kalenda ya shule zetu yenye mihula mitatu inakubaliana na hesabu hii vizuri: somo la mwezi Julai likiulizwa tena likizo ya Agosti, halitakuwa limerudiwa mapema mno wala kuchelewa.

Hebu tuutazame ujumbe ambao kikundi cha kudurusu kingeweza kumtumia mwanafunzi kwa simu hiyo wakati wa likizo. Saa moja asubuhi, kabla mama hajaondoka na simu, mwanafunzi anapata maneno haya kuhusu tamthilia anayoisoma shuleni: "Bembea ya Maisha. Usifungue kitabu. Taja sifa tatu za Sara, na kwa kila sifa utaje tukio linaloithibitisha. Andika kwenye karatasi. Jibu litakuja jioni." Hayo tu. Ni kilobaiti chache, hazimalizi bando la mtu. Mtoto anaandika sifa mbili, ya tatu inamkatalia. Anatoka kwenda kuteka maji au kupalilia mahindi, na ile ya tatu inamsumbua njiani. Jioni jibu likija analisoma kwa njaa, anajisahihisha kwa kalamu nyekundu. Siku tatu baadaye swali lilelile linarudi, safari hii likimtaka Yona badala ya Sara. Wiki tatu baadaye wote wawili wanaulizwa pamoja na mhusika kutoka riwaya ya Nguu za Jadi.

Kinachofanya kazi hapo ni ile taabu ya kutafuta. Robert Bjork wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ndiye aliyeanza mwaka 1994 kuzungumzia ugumu wenye manufaa: mazoezi yanayohisi rahisi mara nyingi hufundisha kidogo, na yanayochelewesha na kuchosha kidogo hukaza kumbukumbu. Kukosea nako hakudhuru, mradi jibu sahihi lifuate. Ndiyo maana jibu la jioni lisisahaulike kamwe. Kikundi kinachouliza bila kusahihisha kitawaacha watoto na makosa yao.

Kuna jambo moja la kuangaliwa: maswali ya kuchagua a, b, c au d ni mepesi kutuma na mepesi kujibu, lakini kwa kawaida kuandika jibu kwa maneno yako hufundisha zaidi. KCSE nayo huuliza hivyo.

Je, wajua kwamba wazee wetu walikuwa na kikao cha kujaribiana kila jioni? Kilikuwa kikao cha vitendawili: mtegaji husema, wengine hutega sikio, wanajaribu, wanakosa, wanajaribu tena. Wakishindwa kabisa humpa mtegaji mji ndipo awape jibu. Katika kitendawili umo ugumu wa kutafuta, umo uchelewaji wa jibu, na umo usahihishaji. Kesho yake mtoto huenda kukitegea wengine, naye akawa amekirudia mara ya pili.

Hata Mumias, ambako Uislamu ulifika katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani, watoto wa madrasa hufuata desturi inayofanana. Anayehifadhi Kurani haachiwi kusonga mbele tu. Husoma kipande kipya mbele ya mwalimu, kisha hurudi kwenye cha jana, kisha kwenye juzuu za zamani, kwa kichwa, mwalimu akishika msahafu na kumsahihisha. Wala mwalimu huyo hahitaji kuwa amesoma makala ya Cepeda. Nawasihi wazazi wa Kakamega wasiionee haya hazina hii. Vikundi vya simu vikiiga desturi za barazani na madrasani, vitakuwa na adabu ya kazi ambayo programu nyingi za kulipia hazina.

Je, wajua kwamba hata simu ya kabambe, mulika mwizi isiyo na WhatsApp, inaweza kumtahini mtoto? Kampuni ya Eneza Education, iliyoanzia Kenya, ilituma masomo mafupi na maswali kwa ujumbe mfupi, na kwa ushirikiano na Safaricom huduma hiyo ikajulikana kama Shupavu 291. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, njia kama hizi zilikuwa kimbilio la nyumba zisizo na intaneti. Madarasa ya watahiniwa, pamoja na Gredi ya Nne, yalirudi tarehe 12 Oktoba mwaka huo, waliobaki tarehe 4 Januari 2021. Jirani zetu Tanzania wana Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, inayowapa wanafunzi wa sekondari masomo na maswali kwa njia ya simu na mtandao.

Hata hivyo tusiitwishe simu mzigo isioweza kuubeba. Wakati wa korona, Noam Angrist na wenzake walijaribu njia mbili kule Botswana, katika familia zipatazo 4,500. Wengine walitumiwa ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki. Wengine walitumiwa ujumbe huohuo na kupigiwa simu na mwalimu kwa kama dakika 20. Waliopigiwa walijifunza zaidi. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti kubwa. Sauti ya mtu anayekuuliza, anayengoja ufikiri, anayejua jina lako, ina nguvu yake.

Ndiyo maana napenda kikundi kidogo kuliko chaneli ya maelfu. Watoto sita wa darasa moja kutoka mtaa mmoja, Lurambi au Shinyalu, wanaopokezana zamu ya kutunga swali, watanufaika mara mbili, kwa sababu anayetunga swali na kuandaa jibu naye anadurusu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo, na kuna sababu: wazazi walikuwa wakikamuliwa. Basi kikundi kiwe cha wanafunzi wenyewe, bila ada. Na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kinachofundisha walimu wa kesho hapahapa mjini Kakamega, kina vijana ambao wangeweza kukagua maswali ya vikundi hivi na kuokota makosa kabla hayajasambaa. Ningefurahi sana kuliona hilo likifanyika.

Je, wajua kwamba aliyechanganya maswali ya hesabu alishindwa katika mazoezi, akashinda katika mtihani? Doug Rohrer na Kelli Taylor, mwaka 2007, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne. Wengine walifanya maswali ya umbo moja hadi yaishe, ndipo waende la pili. Wengine walipewa maswali yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi, wa kwanza walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye waliochanganyiwa walipata asilimia 63, na wale wa kwanza wakaanguka hadi 20.

Sababu yake si ya ajabu. Anayefanya maswali ishirini ya aina moja hahitaji kuamua ni kanuni gani itumike. Amekwisha kuambiwa na kichwa cha mada. Karatasi ya Hisabati ya KCSE haina vichwa vya mada. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, yanaruka kutoka logi hadi pembetatu hadi riba. Kutambua swali ni la aina gani ni nusu ya kazi, na nusu hiyo haifanyiwi mazoezi kama kila kitu kimepangwa kwa mada. Kwa kikundi cha simu jambo hili ni jepesi: leo swali la vekta, kesho asilimia, keshokutwa mduara, bila kumwambia mtu linatoka wapi.

Je, wajua kwamba mvua ya Kakamega ni mwalimu wa bure? Mwanafunzi anayeuliza "kwa nini" hukumbuka kuliko anayemeza maelezo. Muulize kwa nini mvua yetu, yenye radi na wakati mwingine mawe, hupenda kunyesha alasiri. Jua huipasha ardhi joto tangu asubuhi. Hewa yenye unyevu, mwingine kutoka Ziwa Viktoria, hupanda. Ikifika juu hupoa, mawingu yanajengeka, na kufikia saa tisa au saa kumi anga inafunguka. Amelowa kwa mvua hiyo tangu utoto. Akiambiwa aieleze kwa maneno yake, jiografia imepata mahali pa kukaa. Vivyo hivyo na msitu wa Kakamega, mabaki ya mashariki kabisa ya misitu ya mvua inayoanzia Kongo na Afrika Magharibi: mbega juu ya matawi anakula majani, na hapo pana mtandao mzima wa chakula kwa mtu wa Shinyalu, asiyehitaji kukariri mfano wa nchi asiyoijua.

Je, wajua kwamba ile imani ya kwamba kuna watoto wa kusikia, wa kuona na wa kugusa, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake, haijapata ushahidi wa kutosha? Harold Pashler, Mark McDaniel, Rohrer na Bjork waliichunguza mwaka 2008, wakakuta utafiti wa kuitetea haupo kwa kiwango kinachohitajika. Ikiletwa kwenye kikundi, na italetwa tu, ipishe ipite.

Dunlosky tuliyeanza naye alirudi mwaka 2013 na wenzake wanne wakapima mbinu kumi. Mbili tu zilipewa daraja la juu: kujijaribu, na kuachanisha vipindi. Kupaka mistari ya rangi kitabuni na kurudia kusoma ziliwekwa daraja la chini.

Je, wajua kwamba asiye na simu kabisa anaweza kupata haya yote kwa boksi la sabuni? Mwandishi wa habari Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 namna ya kufanya. Kata karatasi ya manila vipande vidogo. Swali upande huu, jibu upande ule. Ligawe boksi vyumba vitano. Kadi zote zianze chumba cha kwanza, kinachoulizwa kila siku. Ukipata, kadi isogee chumba kinachofuata, ambacho huulizwa kwa nadra zaidi. Ukikosa, irudi mwanzo. Maswali magumu hujitokeza mara nyingi, mepesi hupumzika. Programu ya Anki, iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006 na inayopatikana bure kwa simu za Android, hufuata wazo hilohilo, lakini boksi haliishiwi chaji, na linaingia bweni lolote.

Je, wajua kwamba usingizi ni sehemu ya kudurusu? Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwajaribu wanafunzi wawili waliokariri silabi, kisha wakalala au wakakaa macho. Waliposhinda macho walisahau kwa wingi; walipolala walihifadhi zaidi. Watu wawili ni wachache, lakini tafiti nyingi za miaka iliyofuata zimekubaliana nao. Katika shule ambako watoto huamshwa saa kumi alfajiri baada ya prepu za usiku wa manane, na katika nyumba ambako likizo huishia kwenye video za TikTok hadi usiku wa manane, kinachokatwa ni saa ambazo ubongo ungepanga yaliyosomwa. Kwa hivyo swali la mwisho la siku litumwe saa mbili usiku, lijibiwe kwenye karatasi, simu irudishwe kwa mwenyewe, na jibu lingoje saa kumi na mbili asubuhi.